Stuli ya miguu mitatu kutoka soko la mitumba: je, ni ya Aalto?

Swali: Shikamoo fundi. Ninaishi Tampere, huu ni mwaka wangu wa nne. Jumamosi iliyopita nilinunua stuli ya duara ya miguu mitatu kwenye kirpputori, yaani soko la mitumba, kwa euro 25, nimeipenda tu. Jirani yangu, bibi wa Kifini, alipoiona aliigeuza juu chini, akapapasa mguu wake, akasema ni Aalto na nisiiuze ovyo. Mume wangu anasema ni stuli ya shule tu, na anataka tuipige msasa na kuipaka rangi nyeupe ilingane na meza yetu. Nani yuko sahihi? Nitajuaje kama ni yenyewe? Na kama Wafini wana samani nyingine za zamani za maana, nitazitambuaje nikizikuta sokoni?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, mwambie mkwe wangu aweke ule msasa chini. Nitaeleza sababu, ila naomba stuli isiguswe hata upande mmoja mpaka mmalize kusoma.

Huenda wote wawili wako sahihi. Stuli za Alvar Aalto, mbunifu wa Kifini, hazikutengenezwa zikae nyumba za matajiri peke yake. Kwa miaka mingi zilinunuliwa na shule, maktaba, zahanati na shule za chekechea za Ufini, na watoto wamezikalia, wamezikwaruza, wamebandika bazoka chini yake. Kwa hiyo kusema "ni stuli ya shule" hakuifanyi isiwe ya Aalto. Mara nyingi ndiyo dalili nzuri: ukiona chini yake namba ya mali ya taasisi imepigwa muhuri au imeandikwa kwa rangi, jua hiyo ni historia yake, wala usiifute.

Sasa chukua taulo, litandike mezani, uilaze stuli juu chini, miguu ikitazama dari. Tuanze na mguu, kwa sababu kila kitu kiko pale.

Tazama goti, yaani pale mguu unapojikunja kuingia chini ya kikalio. Utaona mistari myembamba inayofuata mkunjo, imelaliana kama kurasa za daftari lililokunjwa. Weka kidole juu ya mistari hiyo, ukishushe taratibu kuelekea ncha ya mguu. Ikiwa stuli ni yenyewe, mistari itafika mahali itakwisha, na kuanzia hapo hadi sakafuni mguu ni ubao mmoja, mzima, wenye nyuzi zilizonyooka. Bibi jirani yako alipopapasa mguu, bila shaka ndicho alichokuwa anakitafuta.

Mimi nilijifunza useremala Tanga, kwenye karakana ya mjomba wangu, kwa mninga na mvule. Tulikuwa tukitaka mguu ushike kiti, tunachonga ulimi na kuupachika kwenye tundu, basi. Nilipofika huku Ufini na kulikuta goti hili kwa mara ya kwanza, nilikaa nalo mchana mzima. Ubao mnene ukiukunja unapasuka upande wa nje, kila seremala anajua. Wao walifanyaje? Walichukua ubao wa mbetula, mti ambao Wafini wanauita koivu, wakaupasua kwa msumeno kwenye ncha moja tu, mikato mingi sambamba inayofuata nyuzi za mbao, ncha ikabaki kama meno ya chanuo. Ndani ya kila mkato wakapenyeza vinia, yaani ubao mwembamba kama karatasi, yenye gundi. Kisha ncha hiyo ikakunjwa kwa joto mpaka pembe mraba. Tabaka nyembamba zinateleza moja juu ya mwenzake, kwa hiyo zinakubali kujikunja bila kupasuka. Gundi ikishakauka hakuna tena kuteleza, umbo limefungwa. Chini umebaki na nguvu ya ubao mzima, juu umepata mkunjo ambao unashikiliwa kwenye kikalio kwa skrubu tu. Hakuna ulimi, hakuna tundu, hakuna fremu. Mguu uleule unafaa stuli, kiti, meza na benchi. Aalto mwenyewe aliuita mdogo wake nguzo ya jengo, na nadhani alimaanisha hasa: wasanifu wa kale walitatua swali la nguzo, yeye akatatua la mguu.

Lakini hakuutatua peke yake, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapowapunja watu haki yao. Alvar Aalto alikuwa msanifu majengo, aliyezaliwa 1898. Aliyekuwa na kiwanda, mashine na mikono ya kujaribu na kukosea alikuwa Otto Korhonen, fundi mkuu wa kiwanda cha samani karibu na Turku. Wawili hao walianza kushirikiana mwishoni mwa miaka ya 1920, na goti hili lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930, likalindwa kwa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi. Kila ninapolitazama ninaona alama ya fundi wa mbao ndani yake kuliko ya mtu wa kalamu. Na kuna Aino Aalto, mke wa Alvar, naye msanifu majengo. Mwaka 1935 Aino na Alvar, pamoja na Maire Gullichsen na Nils-Gustav Hahl, walianzisha kampuni ya Artek mjini Helsinki ili kuuza samani hizi. Aino ndiye aliyesimamia kazi ya ubunifu pale, na tangu 1941 hadi alipofariki 1949 alikuwa mkurugenzi mtendaji. Kwa hiyo ukisikia "Aalto", usimfikirie mwanamume mmoja.

Kwa nini mbao? Miaka ile wabunifu wa Ulaya walikuwa wamependa mabomba ya chuma. Aalto naye alivipenda viti vya chuma vya Marcel Breuer, akavinunua kwa ajili ya nyumba yake. Kisha akapewa kazi ya kujenga hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Paimio, kusini-magharibi mwa Ufini, iliyokamilika 1933. Zama zile dawa ya ugonjwa huo haikuwapo. Mgonjwa alikuwa analala miezi na miaka, akipewa hewa safi, jua na utulivu. Mtu wa namna hiyo ukimkalisha kwenye chuma, kitamtia baridi, kitampigia kelele na kumrushia mwanga machoni. Aalto akarudi kwenye mbao, akatengeneza kiti chenye kikalio na mgongo wa plaiwudi moja iliyokunjwa, kinachoning'inia kati ya pete mbili za mbao, na mgongo wake ulilazwa kwa pembe ya kumsaidia mgonjwa kupumua. Ndicho kiti namba 41, ambacho leo watu wanakiita Paimio. Ukikikuta cha zamani sokoni, mwanangu, kaa chini kwanza, vuta pumzi, halafu nipigie simu.

Stuli yako ni ndugu mdogo wa kiti hicho. Inaitwa Stuli 60, ya mwaka 1933, na mwaka huohuo mwezi Novemba samani za Aalto zilionyeshwa London katika duka la Fortnum & Mason. Zilijaa pia katika maktaba ya Viipuri, aliyoisanifu Aalto na iliyokamilika 1935. Mji huo sasa uko Urusi. Ya miguu minne inaitwa E60. Watu wananiuliza ipi bora. Mimi ni mtu wa miguu mitatu, maana haiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Mafiga yetu yako matatu kwa sababu hiyohiyo. Tena za miguu mitatu ukizipandanisha zinajizungusha kama ngazi ya mnara, nyingi kwa nafasi ya moja. Ila mtoto akisimama ukingoni itapinduka, na kwa nyumba yenye watoto ya miguu minne ina amani zaidi.

Pima sasa. Stuli 60 ya kawaida ina kikalio cha upana wa sentimita 38 na kimo cha sentimita 44. Zipo fupi za watoto, kwa hiyo kimo pungufu peke yake kisikutishe.

Kinachochanganya watu zaidi ni stuli ya IKEA iliyoitwa Frosta, iliyouzwa kwa miaka mingi na kujaa masoko ya mitumba. Kwa mbali zinafanana sana. Rudi kwenye kidole chako: kwenye Frosta mistari ya tabaka haiishi, inakwenda kuanzia goti hadi ncha ya mguu, kwa sababu mguu wote ni vinia zilizobandikwa na kukunjwa pamoja. Pia Frosta ina miguu minne. Si stuli mbaya, lakini si hii. Kipimo hiki cha kidole kinatosha kwa stuli tisa katika kumi ninazoletewa.

Ya kumi ndiyo inayotaka utulivu. Kuna stuli za miaka ya vita, vitu vilipokuwa adimu, ambazo goti lake halikukunjwa kabisa: mbao mbili zimekutana kwenye kona na kuumana kwa vidole, kama mtu aliyepachanisha vidole vya mikono yake miwili. Asiyejua huziita bandia. Wanaokusanya samani hizi wanazitafuta kwa hamu. Vivyo hivyo ukitazama ukingo wa kikalio, ule mkanda wa ubao unaokizunguka, ukakuta ncha zake zimeumana kwa vidole vya mbao, hiyo ni dalili ya stuli ya zamani sana, ya kabla ya vita.

Halafu tazama skrubu. Za mfereji mmoja zinaashiria umri mkubwa kuliko za msalaba, ingawa skrubu hubadilishwa, kwa hiyo usihukumu kwa hizo peke yake. Tafuta maandishi: muhuri au kibandiko cha Artek, au "Aalto Design". Ukikuta "Finmar", ni ya kampuni iliyokuwa ikiziingiza Uingereza miaka ya 1930. Ukikuta "Aalto Möbler, Svensk Tillverkning", usidhani ni ya kuiga kwa sababu ni Kiswidi: baada ya vita zilitengenezwa kihalali pia huko Hedemora, Uswidi. Na ikiwa hakuna maandishi yoyote, usihuzunike. Stuli nyingi halali hazina kitu, na ndiyo maana nimekuanzisha kwenye mguu badala ya karatasi.

Sasa msasa. Mwaka wangu wa kwanza kufanya kazi huku, mteja alileta stuli iliyogeuka rangi ya asali, ina duara jeusi la kikombe katikati. Nikaona uchafu. Niliipiga msasa kama ambavyo ningepiga kiti cha mninga, ambacho ukikwangua unakuta mninga, ukiendelea unakuta mninga. Hapakupita muda, katikati ya kikalio kukatokea baka la rangi nyingine, nyuzi zake zikielekea upande mwingine. Nilikuwa nimeitoboa vinia. Juu ya kikalio ni ngozi nyembamba ya mbetula, na nilikuwa nimeimaliza. Nilipogeuza kutazama chini nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeanzia huko, nikafuta na namba ya shule. Ile rangi ya asali ilitokana na vanishi ya zamani na mwanga wa madirisha ya miaka mingi. Hakuna chupa dukani inayoirudisha. Mteja alikuwa mama mtu mzima, na stuli ilikuwa ya darasa alilosoma. Hakunigombeza. Mpaka leo bado ninaiona ile sura yake.

Kwa hiyo isafishe hivi. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni laini ya vyombo, kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisidondoshe, ufute kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha ukaushe papo hapo. Kama kikalio kimefunikwa linoliamu, ile ngozi laini inayotandikwa pia sakafuni, rangi yoyote ile, fanya hivyohivyo. Usipake mafuta, kwa sababu juu ya vanishi mafuta hayaingii, yanabaki yakinasa vumbi. Kaza skrubu kwa mkono, si kwa mashine. Usiiweke karibu na patteri, kile kipasha joto cha ukutani, wakati wa baridi. Hewa ya ndani inakuwa kavu kupita kiasi na vinia huanza kunyanyuka ukingoni. Ikishanyanyuka, gundi ya mbao kidogo kwa ncha ya kisu, kipande cha karatasi ya nailoni juu, kipande cha ubao, ubane kwa klempu usiku mzima.

Umeuliza pia mengine ya kutafuta. Wako wengi, nitakutajia wale ninaowakuta kweli sokoni.

Wa kwanza moyoni mwangu ni Ilmari Tapiovaara, aliyezaliwa 1914. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwa msanifu majengo Le Corbusier mjini Paris, kisha akawa mbunifu wa Asko, kiwanda kikubwa cha samani cha Lahti. Mwaka 1946 yeye na mkewe Annikki walipewa kazi ya samani za hosteli ya wanafunzi iliyoitwa Domus Academica, Helsinki. Nchi ilikuwa imetoka vitani, haina fedha, haina vifaa. Wakatoa kiti cha Domus: kikalio na mgongo wa plaiwudi iliyokunjwa, na mikono mifupi mno. Watu wanadhani mikono imekatwa ili kubana mbao. Kaa ndani yake mbele ya meza utaelewa: mikono mifupi inapita chini ya meza, mwanafunzi anasogea karibu na kitabu chake, lakini viwiko bado vina pa kupumzika. Tena viti vinapandana. Kwangu mimi kiti hicho ni cha mtu aliyemwonea huruma mwanafunzi. Cha Tapiovaara utakachokutana nacho zaidi ni Fanett, cha 1949, chenye fito nyembamba mgongoni. Kilitengenezwa sana Uswidi na kiwanda cha Edsbyverken, kwa hiyo wauzaji hukiita cha Kiswidi. Geuza kikalio, utafute jina. Viti vya fito vya kuiga ni vingi sana, bila muhuri usilipe bei ya jina. Pirkka, cha 1955, hakikosewi: kikalio cha msonobari chenye mwanya katikati, miguu myeusi iliyotanuka.

Antti Nurmesniemi alibuni mwaka 1952 stuli ya sauna kwa Hoteli Palace ya Helsinki, kikalio chake kina umbo la kiatu cha farasi, ili maji yapite na mwili ukae vizuri. Wewe unakaa Tampere, mji wa sauna, huenda ukaikuta kabla yangu.

Miaka ya 1960 plastiki na faibaglasi zikaingia. Eero Aarnio alitoa kiti chenye umbo la mpira wa kuchezea, kilichoonyeshwa Cologne 1966, mtu anaingia ndani kama kifaranga kwenye yai. Za kuiga zimejaa duniani, na mimi si fundi wa faibaglasi, sitakupotosha. Yrjö Kukkapuro yeye alijikalisha kwenye wavu wa kuku, akaukunja mpaka ukafuata mwili wake, na kutokana na umbo hilo akapata kiti cha Karuselli, cha 1964. Nimewahi kukikalia. Kinakupokea mgongo mzima, halafu kinajizungusha kidogo bila wewe kusukuma.

Tahadhari moja: ukiona mtu anauza kiti cha mguu mmoja kama kikombe cha divai akisema ni cha Kifini cha Eero Saarinen, anasema nusu. Saarinen alizaliwa Ufini, 1910, lakini alihamia Marekani akiwa mtoto, na kiti chake cha Tulip ni kazi ya Marekani, ya kampuni ya Knoll.

Kuhusu bei, Stuli 60 mpya dukani inazidi euro 200, na bado inatengenezwa huku Ufini kwa mbetula ileile. Ya mitumba ya kawaida huwa chini ya hapo, ya kabla ya vita au ya goti la vidole yaweza kupita sana. Rangi ya asali iliyobaki salama inaongeza bei, rangi nyeupe iliyopakwa nyumbani inaishusha. Tangu 2006 Artek wenyewe wananunua stuli kuukuu kutoka mashuleni na masoko ya mitumba ili waziuze tena zikiwa na mikwaruzo yake, hawazipaki rangi.

Nipigie picha tatu: goti moja kwa karibu, chini ya kikalio pote, na mahali mkanda wa ukingo unapokutana. Piga mchana karibu na dirisha, usitumie mwanga wa simu. Na kama mkwe wangu bado anataka vifanane, aikwangue meza, maana meza ndiyo iliyopakwa rangi, na chini ya ile rangi nyeupe huenda kuna mbao inayopatana na stuli.